Shika Chini, Si Juu: Kufunga Usukani wa Gokati Wakati wa Alaimenti

Kwa sisi wa Dodoma, alaimenti ya gokati, yaani kupima na kunyoosha magurudumu ya kile kigari kidogo cha mashindano, ni kazi ya asubuhi na mapema. Saa kumi na mbili na nusu upepo bado umelala, vumbi la Kizota halijapanda, na uzi ukiuvuta ubavuni mwa gokati unatulia tuli. Ikifika saa nne, hasa Julai na Agosti, uzi huohuo unacheza, na anayesoma milimita kwenye rula hajui tena kama anapima gurudumu au anapima upepo. Wenye vifaa vya leza nao wana shida yao: jua letu likishapiga sakafu, kile kidoa chekundu hakionekani.

Asubuhi moja tulikuwa tumewahi hivyohivyo. Gokati ipo kwenye sakafu ya saruji, na kijana mmoja wa gereji kapewa kazi ambayo kila mtu huidhani nyepesi: ashike usukani kwa mikono miwili, usiende kushoto wala kulia mpaka tumalize kupima. Baada ya robo saa hivi akauliza, "Fundi, samahani, hivi hapa nashika nini hasa? Mimi mkono sijausogeza, lakini ukiligusa tairi naliona linatikisika."

Alikuwa ameona jambo lililonichukua muda mrefu kuliona. Mikono yake ilikuwa imeshika usukani, na kati ya usukani na tairi kuna safari ndefu yenye viungio vingi. Makala hii ni jibu la swali lake, maana pale asubuhi nilimjibu kwa haraka na hakuridhika.

Gokati ya kwanza ilitengenezwa California, Marekani, mwaka 1956, na fundi wa magari ya mashindano aitwaye Art Ingels, kwa mabomba ya chuma na injini ndogo ya mashine ya kukatia nyasi. Umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Ni fremu ya mabomba isiyo na springi wala shokamzoba, na ekseli ya nyuma ni chuma kimoja kutoka tairi la kushoto hadi la kulia, bila difu, ile gia inayoyaruhusu matairi mawili kuzunguka kwa mwendo tofauti. Kwenye gari kama Noah, hitilafu ndogo ya alaimenti humezwa na springi na bushi za mpira, na mwenye gari ataijua baada ya miezi, tairi likishalika upande mmoja. Gokati haina pa kuificha. Dereva anakaa sentimita chache kutoka ardhini, na kosa la milimita moja linamfikia mikononi.

Usukani wenyewe ni mfumo rahisi kupita kiasi. Kutoka juu inashuka shafti. Chini kabisa, karibu na sakafu ya gokati, shafti hiyo imechomelewa bapa dogo la chuma lenye matundu. Hapo zinafungwa tairodi mbili, zile fimbo za kugeuza magurudumu, moja ya kushoto na moja ya kulia, na kila moja inasukuma mkono wa stabu, yaani kile chuma kinachobeba gurudumu la mbele na kuzunguka kwenye kingipini, pini yake ya kugeukia. Hakuna sanduku la gia. Usukani ukizunguka nyuzi kumi, bapa nalo linazunguka nyuzi kumi.

Tunachopima ni mwelekeo wa magurudumu mawili ya mbele yakitazamwa kutoka juu. Simama uangalie miguu yako: vidole vikielekeana kwa ndani, hapo magurudumu tunasema yamefumba, vikitazama nje, yamefumbua. Gokati nyingi kwenye lami kavu huwekwa kati ya sambamba kabisa na kufumbua milimita chache, kwa sababu kufumbua kidogo huisaidia kuanza kona kwa wepesi. Ukizidisha, matairi yanaburuzwa kwenye mstari ulionyooka na kasi inapotea.

Sasa tufike kwenye fundo lenyewe. Njia iliyozoeleka ni kupima umbali kati ya magurudumu mawili kwa upande wa mbele, kisha kwa upande wa nyuma, halafu kutoa. Mbele milimita 902, nyuma milimita 900: yamefumbua milimita 2. Hesabu hiyo ni sahihi. Lakini jaribu jambo moja. Acha futi ya kupimia mahali pake, mwambie mwenzako azungushe usukani kidogo sana kwenda kushoto. Ncha za mbele za magurudumu yote mawili zinahamia kushoto kwa pamoja, na umbali kati yao unabaki karibu uleule. Nawajua mafundi ambao wakiliona hilo hufurahi, wakisema basi hakuna haja ya kuhangaika kufunga usukani. Mimi nalisoma kinyume. Kipimo kinachovumilia usukani uliokaa kombo hakiwezi kukuambia kwamba usukani umekaa kombo.

Ni sawa na baba aliyewaachia watoto wawili shilingi elfu nne. Jioni anauliza, anaambiwa elfu nne zipo. Hajui kwamba mmoja ameshika elfu tatu na mia nane.

Gokati yetu ilifika kama mtumba, kwa lori kutoka Dar es Salaam, na ilipoanza kutembea usukani ulikaa pogo hata ikiwa inakwenda mbele moja kwa moja. Nikafanya lile lililoonekana la busara: nikarefusha tairodi moja, nikafupisha ya pili kwa kiasi hichohicho, mpaka usukani ukanyooka mbele ya macho ya dereva. Jumla ilikuwa milimita 2 kabla ya hapo, na ilibaki milimita 2. Dereva wetu akaanza kulalamika kwamba kona za kushoto inaingia vizuri, za kulia inakataa. Nikabadilisha upepo wa matairi. Nikahamisha kiti. Nikatanua nafasi kati ya matairi ya nyuma, kisha nikairudisha. Wiki mbili zilikwisha hivyo kabla sijalala chali chini ya gokati na kuona kwamba magurudumu yakinyooka, lile bapa la chini linakaa kombo. Shafti ilikuwa imejisokota katika ajali ya zamani, kabla haijatufikia. Tangu mwanzo bapa lilikuwa sawa, ubovu ulikuwa juu yake, na mimi nikauponya usukani kwa kulipotosha bapa.

Kwa nini bapa la kombo liharibu kona? Gari likikata kona, gurudumu la ndani linapita kwenye duara dogo kuliko la nje, kwa hiyo lazima likunje zaidi. Mpango huo wa usukani ulipewa hataza Uingereza mwaka 1818 kwa jina la Rudolph Ackermann, aliyemwakilisha Georg Lankensperger, mtengenezaji wa magari ya farasi wa Munich, na hadi leo unaitwa kwa jina la Ackermann. Kwenye gokati tofauti hiyo inatokana na pembe ambazo tairodi zinashika bapa upande mmoja na mikono ya stabu upande wa pili. Bapa likianzia katikati, kona ya kushoto na ya kulia zinafanana kama uso na taswira yake kwenye kioo. Bapa likianzia nyuzi chache upande mmoja, tairodi moja inaanza ikiwa imeshakwenda sehemu ya njia, nyingine inaanza ikiwa nyuma. Kwenye kona za upande mmoja gurudumu la ndani litakunja kuliko inavyotakiwa, na kwenye kona za upande wa pili litakunja pungufu.

Tena gokati inaumia kwa hilo kuliko gari la kawaida. Kwa kuwa nyuma hakuna difu, matairi mawili ya nyuma yanalazimika kuzunguka kwa mwendo mmoja hata kwenye kona, na gokati ingekuwa inasukumwa tu kwenda mbele kama tairi la nyuma la ndani lisingepunguziwa uzito. Kazi hiyo hufanywa na kule kulala nyuma kwa kingipini. Ukikunja usukani, gurudumu la mbele la ndani linashuka, la nje linapanda, fremu inajikunja, na tairi la nyuma la ndani linanyanyuka. Magurudumu ya mbele yakikunja pungufu upande mmoja, kunyanyuka nako kunapungua upande huo. Dereva wetu alikuwa anasema kweli kila aliposhuka, na mimi nilikuwa natafuta ugonjwa kwenye matairi.

Kwa hiyo ukisema "nyoosha usukani" umesema mambo matatu: usukani anaoushika dereva, bapa la chini, na magurudumu. Mpangilio ninaoufuata sasa ni bapa kwanza, magurudumu yafuate bapa, usukani uje mwisho kabisa. Kama bapa na magurudumu vinakubaliana na usukani bado uko pogo, tatizo liko juu, kwenye kitovu cha usukani au kwenye shafti. Kitovu kinaweza kufunguliwa na kukaguliwa. Shafti iliyojisokota inabadilishwa. Kuinyoosha kwa moto na nyundo sikubali, hata kama fundi wa kuchomelea atakuhakikishia, kwa sababu mtu atakuwa ameketi nyuma ya chuma hicho katika mwendo mkali.

Turudi kwa kijana na mikono yake. Mikono ya mtu ina kasoro mbili. Ya kwanza inajulikana: inachoka, na unapozungusha tairodi kwa spana msukumo unapanda kwenye shafti na yeye anausukuma kurudi bila kujua. Ya pili ndiyo aliyoiona mwenyewe. Kati ya usukani na gurudumu kuna bolti za kitovu, shafti ndefu, bushi ya juu, beringi ya chini, kisha vichwa vinne vya tairodi, na kila kimoja kinaweza kucheza kidogo. Tuseme mkono wa stabu una urefu wa milimita 100 na uchezaji wa huko juu unaisogeza tairodi nusu milimita tu. Kwenye ubao wa kupimia wenye urefu wa milimita 300 uliofungwa kwenye gurudumu, uchezaji huo unaonekana kama milimita moja na nusu. Wewe unatafuta kufumbua milimita moja kila upande. Kosa limeshalipita lengo.

Watu hutumia vipande vya tyubu, vile tunavyofungia mizigo kwenye pikipiki: kimoja kinavuta usukani kushoto, kingine kulia. Ni afadhali kuliko mikono kwa sababu havichoki, lakini mpira unarudi mahali ambapo nguvu mbili zinalingana, na hapo pakiwa ndipo katikati basi ni bahati. Wengine hukaza usukani kwa ubao na klampu dhidi ya kiti. Ubao haupepesuki, ila umeshika juu, na ule uchezaji wote wa njiani uko palepale.

Dawa ni kufunga chini, kwenye bapa. Viwandani hutengenezwa vibano maalumu vya kazi hiyo. Sisi tulitumia kipande cha engo ya chuma chenye urefu wa kiganja. Tulikitoboa tundu mbili zinazolingana na tundu tupu za bapa, tukapitisha bolti zinazoingia kwa kubana, kisha upande wa pili tukaibana engo hiyo kwenye bomba la fremu kwa klampu mbili. Moja haitoshi, kwa sababu engo inaweza kujizungusha juu yake. Ukimaliza, kamata usukani uutikise. Usukani wenyewe unaweza kucheza kidogo, na hilo halikuhusu tena. Bapa likicheza, hujafunga.

Lakini kabla ya kufunga lazima ujue katikati ni wapi, na hapa nawaomba mafundi wenzangu wajifunze kwa waashi. Mji huu umejaa watu wanaopiga misingi, na hakuna mwashi anayeamini jicho. Anapima mishazari miwili ya chumba, ikilingana anajua pembe zimekaa mraba. Fanya vivyo hivyo kwenye fremu: kutoka kingipini ya kushoto hadi nyumba ya beringi ya ekseli ya nyuma kulia, kisha kinyume chake. Ikitofautiana sana, fremu imepinda, na alaimenti haitaitibu. Ikilingana, pima kutoka kila tundu la tairodi kwenye bapa hadi kingipini ya upande wake. Zungusha bapa taratibu mpaka vipimo viwe sawa. Hapo ndipo katikati, na hapo ndipo pa kufunga.

Kisha vuta nyuzi mbili, moja kila ubavu wa gokati, kwa urefu wa katikati ya magurudumu. Plastiki za ubavuni zitoe, zitakuzuia. Kila uzi uwe na umbali sawa na wa mwenzake kutoka kwenye kingipini kwa mbele, na kutoka mwisho wa ekseli kwa nyuma, na wa kushoto uende sambamba na wa kulia. Sasa pima kutoka uzi hadi ncha ya mbele ya ule ubao wa gurudumu, na hadi ncha ya nyuma. Tofauti hiyo ni ya gurudumu hilo peke yake. Mgawo umeonekana, si jumla tu. Na sasa utaelewa kwa nini kufunga ni lazima: kwa kipimo hiki usukani ukihama hata unywele, upande mmoja unaongezeka na mwingine unapungua papo hapo.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nisirudi kwenye mikono. Gokati inapimwa dereva akiwa amekaa ndani. Fremu ile ni springi kwa namna yake, na uzito wa mtu ukiingia inalegea, kingipini zinabadili mlalo, na namba ulizopata gokati ikiwa tupu hazipo tena. Niliwahi kuweka mfuko wa saruji wa kilo 50 kitini nikidhani nimemaliza kazi. Mfuko hauna miguu ya kunyoosha mbele kama dereva, na uzito wake unakaa pahala pengine. Bora mtu. Ila mtu aliyekaa kwenye kiti cha gokati mikono yake huenda kwenye usukani yenyewe, hata ukimkataza, na akipumua unaliona tairi linajibu. Bapa likiwa limefungwa, mwache ashike anavyotaka. Chini ya kila tairi la mbele tunaweka vigae viwili vyenye grisi katikati, ili tairi lijisogeze badala ya kung'ang'ania sakafu.

Kuzungusha tairodi ni kazi ya subira. Nyingi zina nyuzi za kulia upande mmoja na za kushoto upande wa pili, hivyo ukiizungusha inarefuka au kufupika bila kuifungua. Kwa bolti ya milimita 8 ya kawaida, hatua ya uzi ni milimita 1.25, kwa hiyo mzunguko mmoja kamili unabadili urefu kwa milimita 2.5. Kwa mkono ule wa milimita 100, robo ya mzunguko inakaribia milimita 2 kwenye ubao wetu. Zungusha kidogo, pima, zungusha tena. Loknati, zile nati za kuizuia tairodi isijizungushe, ndizo zinazosumbua: unapozikaza zinavuta tairodi pamoja nazo, kwa hiyo ishike tairodi kwa spana ya pili, kaza, kisha pima upya hata kama una uhakika. Na usiache kichwa cha tairodi kimeshikwa na nyuzi mbili tatu za mwisho.

Gereji za magari ya kawaida wameshalijua hili kwa upande wao. Ukipeleka Noah au IST utaona fundi anaweka chuma kati ya kiti na usukani, kisha anakwenda kwenye tairodi. Kwenye gari lenye raki (chuma chenye meno kinachosukuma tairodi) iliyo nzima hiyo inatosha, ingawa fundi makini huhakikisha kwanza kwamba raki yenyewe iko katikati. Uliza siku moja ukiwa umesimama pale. Ni haki yako.

Kile kipande cha engo tumekifunga kitambaa chekundu kirefu kinachoning'inia juu ya usukani. Gokati yenye bapa lililofungwa ikiwashwa itakwenda moja kwa moja mpaka kwenye ukuta, na asubuhi watu huwa na haraka ya kujaribu. Kitambaa kikiwa hapo, hakuna anayegusa injini.

Tulipomaliza siku ile, kijana alitoa engo, tukaisukuma gokati hadi nje kwenye uwanja wa vumbi laini, dereva akiwa ndani. Usukani ukakunjwa hadi mwisho kushoto, tukaisukuma polepole duara zima, kisha kulia hivyohivyo. Vumbi la Dodoma linatunza alama ya tairi vizuri kuliko karatasi. Kijana akashika mwanzo wa futi, mimi mwisho wake, tukapima duara moja kisha la pili. Zilitofautiana kwa upana wa kiganja. Zamani zilikuwa zinatofautiana kwa hatua nzima ya mtu mzima. Akaniangalia akasema, "Fundi, hicho kiganja kimetoka wapi?" Tukairudisha ndani kukagua vizuizi vya mwisho wa stabu, upepo ukiwa ndiyo kwanza unaanza.